Kilio Kilichozima Kisima

Mashine haikuwaka, na Mwanaidi Kondo alikuwa ameshaitukana kwa Kiswahili na kwa Kizaramo.

Usidhani alianza na matusi. Alianza kistaarabu, kama fundi mwenye leseni na miaka ishirini na miwili ya kuchokonoa mashine za watu. Alikagua soketi. Akaupapasa waya wote kutoka ukutani hadi nyuma ya kompyuta, akitafuta palipoliwa na panya. Akachomoa fyuzi, akaielekeza dirishani: nzima. Akaweka mita kwenye betri za sola zilizopangwa chini ya meza, mshale ukapanda vizuri; moto ulikuwepo, tena wa kutosha kuendesha mashine ya kusaga. Akachomoa kila kitu, akabonyeza kitufe cha kuwashia kwa nusu dakika ili umeme uliojificha ndani utoke, akachomeka upya. Kimya. Akafungua kifuniko, akatoa kadi za kumbukumbu, akazisugua meno kwa ufutio wa mwanafunzi, akazirudisha. Kimya vilevile. Hapo ndipo matusi yalipoanza.

"Lugha gani hiyo mbele ya mtu mzima?" aliuliza Mzee Kapaya Mihayo, mwangalizi wa kisima, aliyesimama mlangoni mwa kibanda cha pampu.

"Wewe si mtu mzima, wewe ni mpagazi. Mpagazi hasikii matusi, anasikia uzito wa mzigo tu."

"Nirudishie kofia yangu, mwanamke wa ngoma."

"Kofia iliyochukuliwa msibani hairudi. Kamuulize babu yako."

Ndivyo walivyosalimiana miaka kumi na minane, tangu Mwanaidi alipohamia Ngukumba na begi lake la vifaa. Yeye Mzaramo, mzee Mnyamwezi, na utani wao ni wa tangu enzi za misafara, Wanyamwezi walipokuwa wakishuka pwani na mizigo vichwani. Mzaramo humwita Mnyamwezi mpagazi. Mnyamwezi naye humjibu kwamba Mzaramo huezua bati la nyumba yake akaliuza ili mwali achezwe ngoma. Hakuna anayekasirika. Anayekasirika ndiye asiye na adabu.

Lakini siku hiyo utani wenyewe ulitoka mdomoni mkavu. Ngukumba ilikuwa haijaona tone la maji kwa siku tano. Kisima kilikuwa na kina cha mita mia moja na arobaini, na wataalamu wa mradi walipokuja na kompyuta waliing'oa pampu ya mkono wakaenda nayo, wakisema mambo ya kizamani yamekwisha. Kompyuta ndiyo iliyovuta maji, ndiyo iliyopima dawa, ndiyo iliyofungua mabomba. Mota iliisikiliza kompyuta tu, na kompyuta iliandikishwa kwa jina la mwangalizi wa kisima, Mzee Kapaya. Sasa watu walikuwa wakichota kwenye lambo la ng'ombe, maji ya rangi ya chai ya maziwa, na zahanati ilikuwa na watoto kumi na mmoja wanaoharisha. Mjukuu wa Mzee Kapaya, Nyanzala, mwenye miaka mitatu, alikuwa mmoja wao.

"Anaendeleaje?" Mwanaidi aliuliza bila kugeuka.

"Macho yameingia ndani. Mama yake anambana, nesi anatafuta mshipa, hauonekani." Mzee aliegemea mlango. "Niambie ukweli, Mwanaidi. Imekufa?"

Mwanaidi alibonyeza kitufe mara nyingine, lakini safari hii akainama akaitazama taa ndogo ya pembeni ambayo mafundi wengi hawaiangalii. Ikapepesa rangi ya chungwa mara moja. Ikazima. Akabonyeza tena. Ikapepesa mara moja, ikazima.

"Mashine iliyokufa haina taa," alisema polepole. "Hii haijafa, mzee. Hii imekataa."

*

Kila kompyuta iliyouzwa tangu Sheria ya Mmiliki Hai ilikuwa na kidude ndani yake, kidogo kuliko punje ya mtama, kimegandishwa pembeni mwa ubao mkuu. Kampuni ya Muhuri iliyokitengeneza ilikipa jina refu la kujisifu. Mafundi walikiita Izraili.

Sheria yenyewe ilipotangazwa ilipigiwa makofi. Zamani wezi walikuwa wakitumia mashine za marehemu kuchukua pensheni na kupigia kura, ikasemwa basi, mashine imtambue mwenyewe, na mwenyewe akifa, mashine ilale mpaka mrithi aje. Nani angepinga? Izraili alisikiliza mapigo ya moyo kupitia kidole kinachobonyeza kitufe. Tena alikuwa na masikio, maana si kila kifo huandikwa ofisini; vifo vingi vijijini hutangazwa kwa kilio. Basi wakamfundisha kilio. Watu wazima watatu wakilia na kulitaja jina la mmiliki, na baada ya hapo kidole cha mmiliki kisiguse kitufe siku tatu mfululizo, Izraili huandika: amefariki. Huufunga mlango na kupeleka taarifa makao makuu, na tangu hapo hasikilizi moyo tena.

Mwanaidi alijua haya yote. Kwa hiyo alitoa kisomeo chake begini, akakibandika juu ya Izraili na kuweka dole gumba lake lenye leseni.

Maandishi yakatokea kwenye kioo cha kisomeo. MMILIKI: KAPAYA MIHAYO. HALI: MAREHEMU. POLENI KWA MSIBA.

"Imeandika nini?" Mzee Kapaya alisogea, akakodoa. Alisoma, akarudia, midomo ikicheza. Kisha akacheka kicheko kifupi kisicho na furaha. "Mimi? Mimi huyu? Nimekunywa uji asubuhi!"

"Nimekuona ukiunywa."

"Nitabonyeza mwenyewe. Iusikie moyo wangu." Akampita, akabana kitufe kwa kidole chake chenye kucha iliyopasuka. Taa ikapepesa mara moja. Kioo cha kisomeo kikaandika: KIDOLE CHA MAREHEMU KIMETUMIKA. JARIBIO LA WIZI LIMEREKODIWA.

"Wizi!" Mzee aliruka nyuma. "Naiba kidole changu mwenyewe? Mwanaidi, hawa watu wana akili kweli?"

"Nenda kamwite mwenyekiti," Mwanaidi alisema. "Na binti yako Kabula aje. Tutawapigia hao Muhuri."

Mzee akatoka mbiombio, huku akiongea peke yake. Mwanaidi akabaki na kisomeo. Chini kabisa ya maandishi palikuwa na neno USHAHIDI. Akaingiza kisikilizi kidogo sikioni, akaligusa.

Kwanza zilisikika kelele za watu wengi, vyombo, mbuzi. Halafu sauti ya mwanamke, kali, imepasuka kwa kilio: "Kapaya weee! Kapaya Mihayo! Umetuacha na nani, mpagazi wangu? Mizigo yangu atabeba nani weee!" Nyuma yake wanawake wengine wawili wakadakia, "Kapaya! Kapaya amekwenda!"

Mwanaidi akaketi juu ya ndoo.

Sauti ilikuwa yake.

Ilikuwa msiba wa Kasubi, kaka mkubwa wa Mzee Kapaya, siku nane nyuma, na nyumba ya msiba ilikuwa hatua ishirini tu kutoka kibanda cha pampu. Watu walikuwa wamelia mpaka wamekauka, na Kapaya alikuwa amekaa kwenye kigogo kama mtu asiyekuwepo, hali, hasemi, wakaanza kumwogopea. Mwanaidi akafanya kazi ya mtani. Alimvua kofia yake ya pama, akaivaa, akajifunga shuka kiunoni, akajitupa chini mbele yake na kuanza kumlilia yeye, aliye hai, huku mwalimu Tatu na nesi Zuhura, Wazaramo wenzake, wakiitikia. Aligaagaa mpaka Kapaya akacheka machozi yakimtoka, kisha akaomba ugali. Watu walimshukuru. Hata mjane alimshukuru.

Na baada ya hapo Kapaya alilala matangani siku tatu na wanaume wenzake, kama desturi, asiguse kazi yoyote. Kisima kilijiendesha chenyewe. Izraili akahesabu vilio vitatu, akahesabu siku tatu, akafunga mlango.

Hasira ilimpanda Mwanaidi mpaka masikio yakawa ya moto. Wapuuzi hawa! Walikaa kwenye ofisi yao ya vioo wakaifundisha mashine kilio, wasijue kwamba nchi nzima hii kilio kina ndugu yake kicheko, na msibani hutembea pamoja. Hawakuuliza mtu. Hawajawahi kuliliwa na mtani hao. Lakini chini ya hasira hiyo palikuwa na kitu kingine kizito zaidi, nacho alikijua vizuri. Kutangaza kifo cha uongo mbele ya mashine lilikuwa kosa, na fundi aliyepatikana nalo dole gumba lake lilifungwa maisha. Asingeweza kufungua hata redio.

Hakuna aliyejua. Angeweza kukivua kisomeo, akasema kidude kimeharibika chenyewe. Nani angemkamata?

Akakumbuka mshipa wa Nyanzala usioonekana. Kisha akaona aibu kwamba alikuwa amejikumbuka yeye kwanza.

*

Saa tisa alasiri kibanda kilijaa. Mwenyekiti wa kijiji, Tungu Kasanda, alikuwa amekuja na daftari lake, na Kabula, binti wa Mzee Kapaya na mama yake Nyanzala, alikuwa amesimama mlangoni na kanga yenye doa la dawa. Nje watu walikaa kwenye kivuli cha paneli za sola na madumu matupu. Simu ya Mwanaidi ilikuwa juu ya meza, sauti imefunguliwa.

"Muhuri, huduma kwa wateja, unaongea na Afisa Bundala Sayi. Kwanza poleni sana kwa msiba."

"Hakuna msiba," alisema Mzee Kapaya. "Mimi ndiye Kapaya Mihayo. Mimi ni mzima."

Vidole viligonga vitufe huko mbali. "Samahani mzee wangu, kwa mujibu wa kumbukumbu zetu mmiliki amefariki. Marehemu hawezi kuwasilisha malalamiko. Je, kuna ndugu wa marehemu hapo?"

"Nimekwambia ni mimi!"

"Nakusikia mzee. Ila siruhusiwi kukujibu."

Watu nje wakaguna kwa pamoja. Mwanamke mmoja akasema kwa sauti, "Haya makubwa!" Mwenyekiti Kasanda akainua mkono, akainamia simu. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu ambaye hajalala siku tano. "Bwana afisa, mimi ni mwenyekiti wa kijiji. Tuna watoto kumi na mmoja zahanati. Niambie njia ya haraka."

"Njia ya haraka ipo," Bundala alisema, na alionekana kufurahi kuulizwa jambo analolijua. "Mrithi aweke kidole na kuapa kwamba ameshuhudia mazishi. Mashine itawaka papo hapo, kwa jina lake. Dakika moja."

"Na baadaye tutarekebisha?"

"Hapana, mwenyekiti. Kiapo cha mrithi ni muhuri wa mwisho. Hakifutwi. Kikifutwa wezi watarudi."

Wote wakamgeukia Kabula. Kabula akamtazama baba yake.

"Maana yake nini hasa?" aliuliza. "Baba akiumwa?"

"Marehemu hatibiwi, dada yangu. Kadi yake ya matibabu imefungwa tangu Jumatatu. Na pensheni. Na hati ya shamba itahamia kwako. Na ndoa, kwa kweli, mama yako ataandikwa mjane."

"Mjane!" akafoka mke wa Kapaya kutoka nje. "Mjane anayefua kaptula za nani?"

Watu walicheka, halafu wakaacha mara moja, wote kwa pamoja. Mwenyekiti alikuwa akigeuzageuza kalamu. "Mzee Kapaya," alisema taratibu, "mimi sikulazimishi. Lakini si ni maandishi tu? Sisi hapa tunajua uko hai. Tutakuona. Tutakusalimia."

"Utanisalimia nikiumwa moyo?" Kapaya alijibu. "Utamsalimia daktari kwa niaba yangu?" Alimtazama Kabula, akalitazama lile doa la dawa kwenye kanga yake, na sauti yake ikabadilika. "Weka kidole, mwanangu."

"Baba."

"Nina miaka sitini na tisa. Yule ana mitatu. Weka."

Kabula alianza kulia. Alisogea mezani, akanyoosha mkono kuelekea kitufe. Na Mwanaidi, aliyekuwa amesimama muda wote huo pembeni na kisomeo mfukoni, akaudaka ule mkono.

"Mwache," alisema. "Hamtamzika mtu kwa ajili yangu."

Akatoa kisomeo, akachomoa kisikilizi cha sikioni, akaongeza sauti mpaka mwisho, akabonyeza USHAHIDI. Kibanda kizima kikasikia. *Kapaya weee! Umetuacha na nani, mpagazi wangu!* Watu waliitambua sauti ile kabla haijafika mwisho wa neno. Waliikumbuka siku yenyewe. Wengine walikuwa wamecheka humo humo, vicheko vyao vilikuwa vinasikika.

"Ni mimi," Mwanaidi alisema. "Msiba wa Kasubi. Mimi ndiye niliyemuua. Nimejua tangu asubuhi, na nimenyamaza saa nne nzima nikilipigia hesabu dole gumba langu. Mnisamehe kama mnaweza."

Mzee Kapaya alimkodolea macho.

"Saa nne," alisema. "Na kofia yangu umeikalia."

Bundala Sayi alikuwa amesikia. "Mama, umekiri kosa," alisema, na sasa sauti yake ilikuwa ya kiofisi kabisa. "Naweza kufungua fomu ya kifo cha uongo. Jibu ndiyo au hapana. Je, ulisema uongo kwamba Kapaya Mihayo amefariki?"

"Sikusema uongo. Nilimlilia mtani wangu."

"Ndiyo au hapana, mama."

"Nikisema ndiyo, kesho kila mtani anayelia msibani ni mhalifu. Hamtatuacha hata kufarijiana? Mnataka tulie kwa kibali?"

"Mfumo hautambui utani."

"Mfumo! Nakuuliza wewe, si mfumo. Bundala Sayi ni jina la wapi?"

"Shinyanga."

"Msukuma!" Mwanaidi alipiga makofi mara moja. "Wewe mtani wangu mtupu! Kwenu hujawahi kuona mtani akiingia kaburini akagoma kutoka?"

"Nimeona," Bundala alisema kwa sauti ndogo. "Kwa msiba wa bibi. Lakini mama, mimi hapa ni mfanyakazi. Sina uwezo."

"Leo ni siku gani?"

"Ijumaa."

"Saa ngapi unafunga ofisi?"

"Nilikuwa nafunga sasa hivi, ndiyo maana naomba—"

"Na Jumatatu sikukuu. Kwa hiyo hiyo mashine yako ya mezani, inayotusikiliza hapa, utaigusa tena Jumanne." Mwanaidi alihesabu kwa vidole hewani, kila mtu akiona. "Jumamosi, Jumapili, Jumatatu. Ina Izraili hiyo, au nyinyi wakubwa hamwekewi?"

Mwanaidi akaivaa ile kofia ya pama aliyokuwa ameiweka juu ya begi lake, akaibana mpaka masikioni, akajishika kichwa kwa mikono miwili.

"Bundala weee!" Sauti ilipasua kibanda. "Bundala Sayi! Kijana wa Shinyanga, umetuacha na nani!"

Kabula, ambaye machozi yalikuwa tayari usoni, alielewa kwanza. "Bundala! Amekwenda Bundala!" Na huyo hakuwa akiigiza, alikuwa na kilio cha siku tano kifuani, akakimwaga chote juu ya jina la mtu asiyemjua. Mwenyekiti Kasanda akaliweka daftari chini, akakohoa, na akalia kwa sauti nzito kama mtu anayesoma taarifa ya mkutano, "Bundala Sayi, jamani, tutakukumbuka kwa utendaji wako." Mzee Kapaya naye akafungua mdomo, mkewe akaingia, akamziba. "Nyamaza wewe, marehemu hahesabiwi." Nje watu walikuwa wameshajitupa chini, wanawake mikono kichwani, madumu yakipigwa kama ngoma, na jina la Bundala likapanda mpaka kwenye paneli za sola.

"Acheni!" afisa alikuwa akipiga kelele. "Jamani acheni, taa yangu imebadilika rangi! Mama! Mnaniua! Nyamazeni, huo ni utani tu, mimi ni mzima!"

Mwanaidi akainua mkono. Kilio kikakatika palepale, akabaki mtoto mmoja tu nje akicheka.

"Rudia," alisema.

"Nirudie nini?"

"Ulichosema. Mazungumzo haya yanarekodiwa, si ndivyo mnavyotuambia kila tukipiga? Umesema huo ni utani tu. Afisa wa Muhuri amesikia kilio cha watu watatu, jina limetajwa, na amesema kwa kinywa chake kwamba si kifo. Sasa niambie tofauti ya wewe na Kapaya Mihayo. Wewe una nini ambacho yeye hana? Kiti cha kuzunguka?"

Simuni zilisikika pumzi za mtu anayefikiri. Mwanaidi alimwonea huruma kidogo, kisha akaacha, kwa sababu ya Nyanzala.

"Kuna kifungu," Bundala alisema hatimaye. Hakuwa akiongea kiofisi tena. "Afisa aliyesikia ushahidi anaweza kuukataa, akaweka kidole chake. Sijawahi kuona mtu akikitumia. Wakubwa wataniuliza. Lakini mama, kuna jambo. Mstari wa taarifa hauwezi kubaki mtupu. Nikiondoa jina la mzee, lazima niandike la aliyesababisha. Sitaandika uongo. Nitaandika usumbufu. Huo ni mwaka mmoja kidole kufungwa, siyo maisha. Sina namna ya kushusha zaidi."

"Mwaka mzima kwa kumchekesha mfiwa," Mwanaidi alisema. "Andika, na Mungu awaone. Mwanaidi Kondo. Herufi zote, usikosee."

"Mwanaidi Kondo," Bundala alirudia. Kisha, polepole, "Samahani, mtani."

Kisomeo mkononi mwa Mwanaidi kilizima hapo hapo. Mwanaidi alikitazama, akakibonyeza mara mbili kwa mazoea, akakiweka juu ya meza.

"Haya, mzee," alisema. "Jaribu kidole chako ulichokiiba."

Mzee Kapaya alikifuta kidole kwenye shati, akabana. Taa ya chungwa ikapepesa. Ikapepesa tena. Ikageuka kijani, na feni ndani ya sanduku ikaanza kuvuma. Chini kabisa ardhini, kwa mbali, mota ikajikohoza. Bomba la kwanza nje likatema hewa, likatema kutu, likatema maji. Ndipo kelele zikazuka. Kabula alikuwa ameshakimbia na dumu kuelekea zahanati, maji yakimwagikia miguuni.

Mwanaidi alibaki ndani. Alianza kukusanya vifaa vyake, mita, bisibisi, ule ufutio, akivipanga begini kila kimoja mahali pake. Alipofika kwenye kisomeo akakishika bila kukiweka begini. Miaka ishirini na miwili. Kesho redio ya mwalimu Tatu, keshokutwa friji ya chanjo, na kila mojawapo ingemgomea kama mgeni. Alisikia uchungu, akaona hasira tena, safi kabisa, na hakujizuia kulia. Safari hii alilia kweli, bila kutaja jina la mtu.

Mzee Kapaya alikuwa amerudi mlangoni. Alisimama hapo akimwangalia.

"Unalia nini, mwanamke wa ngoma? Nani kafa?"

"Kidole changu."

"Kwani mashine inataka kidole cha mwenye akili?" Akaingia, akanyoosha dole gumba lake lenye kucha iliyopasuka, akaligeuzageuza mbele ya uso wake. "Kesho asubuhi nitaomba leseni ya msaidizi wa fundi. Mwaka mzima wewe utasema, mimi nitagusa. Sijui hata soketi ni ipi, kwa hiyo utasema sana, na hilo unaliweza."

Mwanaidi alimtazama. Akajifuta macho kwa upindo wa kanga. Kisha akaivua kofia ya pama, akamvisha kichwani, akaiweka sawa upande wa kushoto kama alivyopenda mwenyewe.

"Aliye hai apewe kofia yake," alisema.

Halafu akalifunga begi la vifaa, kilo kumi na nne za vyuma, akamkabidhi kifuani.

"Haya. Tuanze na zahanati, taa zao zinapepesa. Beba, mpagazi wangu."